Uvimbe wa Kwapani

Juzi, kwenye kliniki moja hapa Doha, niliketi karibu na Mkenya mwenzangu anayefanya kazi mapokezi katika hoteli moja pale The Pearl. Alikuwa ametoka kwa daktari, kiganja kimeshika kwapa.

"Si kansa," akaniambia bila kutabasamu. "Ni silikoni. Matiti niliyowekewa yamepasuka, ikavuja hadi kwenye tezi za kwapani."

Nikasema tumshukuru Mungu. Akanieleza. Mwaka jana picha za uvimbe huo wa kwapani zilionyesha kitu kinachofanana na kansa. Kwa aibu, hakumwambia daktari kwamba matiti ni ya bandia. Alipotakiwa akatwe kinyama kipimwe, aliogopa, hakurudi. Akampigia mchumba wake wa Nakuru, akamwambia hampendi tena. Hakutaka kumwachia mzigo wa mgonjwa. Siku hiyo ndiyo kwanza alikuwa amerudi kwa daktari na kumwambia ukweli.

"Basi mpigie leo umweleze," nikamwambia.

"Dada, alioa mwezi wa nne. Nilimtumia hongera."

Muuguzi akaniita, nikainuka. Msomaji wangu, daktari huona miili kutwa nzima na wala hashangai. Lakini tunamvalia nguo za heshima hata tukiwa tumevua.