Kitambaa Kwenye Dashibodi

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimesimama kando ya Waiyaki Way pale Mountain View, moshi ukitoka chini ya kiti changu cha dereva. Injini ya van ile ilikuwa chini ya kiti, kwa hivyo kosa langu nilikuwa nimelikalia asubuhi nzima. Nilikuwa kijana, nina miezi sita ya ndoa, na hakuna aliyeweza kuniambia kitu.

Van yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe, aliyekuwa fundi wa magari kule mtaa wa Satellite. Alipofariki, mama mkwe alinipa funguo kupitia kwa mke wangu, Nekesa, ili niwe nabeba hema na viti vya kukodisha na nyumba zetu mbili zipate kula. Hakubaki na kitu kingine cha mumewe chenye sauti. Nilichoogopa kuliko vyote ni kusikia kwamba mimi ndiye niliyeiua.

Desturi yetu watu wa magharibi mwa Kenya unaijua. Mama mkwe humpi mkono, huketi naye karibu, na jambo zito humfikia kupitia kwa binti yake. Sasa mimi desturi hiyo nilikuwa nimeipitisha kiasi. Nikimwona anakuja upande wangu wa barabara, nainama kufunga kamba za viatu, hata siku nilizovaa ndara.

Wiki mbili nyuma, van ilikuwa imeanza kutoa moshi wa samawati na kuvuja mafuta juu ya injini, kwenye vali ndogo isiyozidi kidole gumba. Hiyo ndiyo inayoiwezesha injini kupumua. Mama mkwe alikuwa amekaa gereji miaka mingi akimpitishia mumewe spana, na neno moja kwake lingetosha. Mimi nikanyamaza. Nikaing'oa vali, tundu nikaliziba kwa kipande cha gunzi la mahindi nililolizungushia plastiki, nikaligonga likakaza, na paipu yake ya mpira nikaifunga kwa waya. Siku tatu hakuna tone lililovuja. Nilijisifu hadi Nekesa akachoka kunisikiliza.

Jumamosi hiyo, hewa chafu ya injini ilipokosa pa kutokea, ikasukuma kile kijiti cha kupimia mafuta kikaruka nje, na mafuta yakamwagikia eksozi yenye moto. Hapo ndipo moshi ulipotoka. Nekesa, niliyekuwa naye, hakuniuliza. Alimpigia mama yake simu.

Mama alikuja kwa teksi, na sanduku la vifaa la marehemu. Akaagiza tungoje injini ipoe. Kisha akasimama mlango wa kushoto, mimi wa kulia, kiti kimeinuliwa na injini iko katikati yetu. Akaliona gunzi. Akaligusa kwa ncha ya spana.

"Nani aliweka hii?"

"Ni mimi, Mama."

"Iko wapi ile ya zamani?"

Niliitoa kwenye kidroo cha dashibodi. Sikujua nimpe vipi bila mikono kugusana. Yeye akatandaza kitambaa safi kwenye dashibodi, akaniashiria niiweke hapo. Akaiokota, akaitikisa karibu na sikio.

"Nzima inalia ukiitikisa," akasema. "Hii imenyamaza kama wewe."

Nekesa aligeuka akacheka. Mama akafungua mkoba wake, akatoa vali mpya iliyofungwa kwenye gazeti, akaiweka kwenye kitambaa. Alikuwa ameuona ule moshi Jumapili mbili kabla nikiegesha kanisani, akaenda hadi kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road kuinunua. Siku zote hizo alikuwa anatembea nayo.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Na mimi niliogopa. Ungedhani nakuchunga juu ya gari ya mzee. Nikasema nitangoja uniulize."

Hakuifunga yeye. Alinielekeza, nikaling'oa gunzi, nikabadilisha raba ya pale tunduni, nikaisukuma vali mpya ikakaa, nikarudisha paipu. Nekesa alileta mafuta ya injini, tukajaza. Nilipowasha, Mama alifumba macho akasikiliza ile sauti, machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Tangu siku hiyo kitambaa hakikutoka kwenye dashibodi. Kila Jumamosi tuliikagua van pamoja, akiweka spana nikiichukua. Tulimzika bila kuwahi kupeana mkono, na nilimpenda kama mama aliyenizaa.

Sasa na wewe umeoa, na van ni yako. Vali hiyo ibadilishe mwenyewe, ni kazi ndogo: injini ipoe kwanza, paipu uivute polepole, mpya uitikise kabla hujaifunga. Usizibe kitu kwa sababu tu kinakuaibisha. Na wakwe zako waheshimu jinsi tulivyokufundisha, lakini usiifanye heshima kuwa mahali pa kujificha. Ukikwama, sema. Tafuta kitambaa chako, ukitandaze, uulize. Huenda aliye upande wa pili ana unachohitaji mkobani tangu juzi, na yeye pia anaogopa kuanza.

Mungu aibariki mikono yako, aibariki nyumba yako na Satellite yote unayopita. Kile kitambaa kimo ndani ya sanduku la vifaa. Nimekifua, kichukue.