Theluji ya Kuokota

Fumie alizaliwa pwani ya Wakayama, kwenye mashamba ya machungwa, ambako theluji watu huiona kwenye televisheni tu. Akaolewa juu milimani Niigata, kijiji ambacho theluji hupanda mpaka madirisha ya ghorofani. Majira yake ya kwanza ya baridi, akitaka kuonekana mchapakazi, alichukua beleshi akaisafisha theluji yote juu ya shamba la karoti ambazo hazijavunwa. Mama mkwe wake, Yoshino, alitoka mlangoni akashika kiuno.

"We Fumie! Umewavua nguo wanangu kwenye baridi hii?"

Karoti zile ziliganda ardhini, zikaoza. Kijiji kilicheka miaka.

Lakini Fumie hakuwa mtu wa kuchekwa akakaa. Alimfuata yule mama kila mahali, akiuliza. Akajifunza kwamba theluji laini imebeba hewa ndani yake kama godoro la sufi; baridi ya juu haifiki chini, na joto dogo la udongo halitoroki. Karoti zinalala humo hadi Machi, nazo zinazidi utamu.

Ikaja Januari moja ya ajabu. Mvua ilinyesha ikayeyusha karibu theluji yote, kisha mawingu yakatoweka, baridi kali ikaanza kuingia. Majirani walifurahi: hakuna theluji ya kusafisha paani. Fumie aliingiza vidole shambani, udongo wa juu, ulioanza kuganda, ukavunjika kama biskuti. Yoshino alikuwa ndani, magoti yamemgomea. Uamuzi ulikuwa wa Fumie.

"Sadao," alimwambia mumewe, "twende tukachote theluji."

"Tukachote nini?"

"Theluji. Imebaki nyuma ya hekalu, kwenye kivuli cha mierezi. Vaa glovu."

Walikuwa wakiburuta barabarani sleji ya kwanza, kigari kisicho na magurudumu kilichojaa theluji, jirani yao Murayama alipowaona, akaegemea pikapu yake akicheka mpaka akakohoa.

"Sadao! Tangu babu zetu tunaitupa mtoni, mkeo anaiokota?"

"Na wewe lete ya kwako, shemeji," Fumie alimjibu bila kusimama. "Au mgongo umeshazoea likizo?"

Shambani, Sadao alianza kuishindilia theluji kwa beleshi ili itulie.

"Usiikandamize!" Fumie alifoka. "Ukiikanyaga unafukuza hewa, inabaki barafu tu. Imwage kama unga."

Walikwenda na kurudi mpaka mikono ikafa ganzi. Mchana, pikapu ikaingia kinyumenyume, imejaa theluji iliyokuwa imebaki ukutani kwa Murayama. Alishuka, hakumtazama mtu usoni.

"Nimwage wapi?"

"Pale mwisho. Polepole."

Jioni, shamba lao peke yake lilikuwa jeupe katikati ya bonde jeusi. Baridi iliyofuata ilipasua mabomba ya maji, ikagandisha figili zote za Murayama ardhini.

Mwezi Machi Yoshino aligoma kubaki nyumbani. Walimbeba, wakamkalisha juu ya kreti shambani. Fumie alifukua theluji, akachimba, akang'oa karoti ya kwanza: nzima, nyekundu, inang'aa. Akaisuuza, akaivunja. Ikalia *ta!* Yoshino aliitafuna taratibu kwa meno yake machache.

"Tamu," alisema. Kisha akapaza sauti, wanawake waliokuwa wakipita wasikie: "Huyu ni mkaza mwana wangu! Theluji anaijua kutushinda sisi tuliozaliwa ndani yake!"

Fumie aliinama akaendelea kuchimba, maana uso ulikuwa unawaka na hakutaka waone anavyotabasamu. Sadao alipoleta makasha ya sokoni, akaanza kuandika jina la Yoshino ubavuni kama miaka yote, yule mama alimnyang'anya kalamu.

"Leta hapa. Karoti hizi zina mwenyewe."

Akaandika *Fumie*, kwa herufi kubwa, kasha baada ya kasha, mpaka wino ukaisha.