Lori Getini

Ifahamike kwa wote kwamba, kwa mujibu wa tamko lililosomwa na mkurugenzi mkuu mbele ya wafanyakazi na wageni waalikwa, kuanzia siku ile hapakuwa tena na mtu yeyote, ndani ya kampuni ya kuzoa taka wala kwa wakandarasi wake, anayefanya kazi bila hiari yake. Kwamba kila mfanyakazi yuko huru kuondoka atakapo. Na kwamba kampuni haitavumilia utumwa wa namna yoyote. Kuhusu siku iliyotangulia, tamko lilikaa kimya. Makofi yakapigwa, fulana zikagawiwa, kila moja ikiwa na picha ya mnyororo uliokatika.

Shangazi alipewa saizi ya mtoto. Alikuwa mwanamke pekee aliyeshika usukani wa lori katika kampuni nzima, na jina hilo alilipata kwa kuwagombeza wapakiaji kana kwamba ni watoto wa kaka yake. Fulana aliifanya tambara la kufutia kioo. Si kwa dharau, ilifuta vizuri.

Tamko lilimchoma kwa sababu ya mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa akichambua taka kwenye yadi ya mkandarasi, kule kule ambako Shangazi alikuwa akishusha mzigo. Wachambuaji wa yadi ile walilala humo humo, ndani ya makontena yaliyotobolewa madirisha. Geti lilikuwa na kufuli. Vitambulisho vyao vilikaa kwenye droo ya nyapara, kwa usalama, kama mwenyewe alivyopenda kueleza: mtu anayeshika taka kutwa anaweza kukitupa cha kwake kwa bahati mbaya. Ukimsikiliza ungedhani anawalea.

Mama yao alikuwa amepooza upande mmoja. Katika maneno yake yote lilibaki moja tu linaloeleweka, nalo lilikuwa jina la kitindamimba wake. Mdogo mtu aliomba ruhusa ya kwenda kumwona, akaambiwa asubiri. Akaomba tena, akajibiwa kwamba mtu aliyepooza haendi popote, atamkuta.

Shangazi alianza na njia halali. Tamko lilikuwa na namba ya simu ya bure, ya kutolea taarifa kwa siri. Akapiga. Binti mwenye sauti ya asali alimshukuru kwa ujasiri wake, akayaandika maelezo, akayapeleka idara ya wakandarasi. Idara ikayapeleka kwa mkandarasi ili atoe ufafanuzi, na mkandarasi akayapeleka kwa nyapara, kwa kuwa yeye ndiye anayelijua jambo hilo kwa undani. Siri ilitunzwa kote ilikopita. Kesho yake asubuhi mdogo mtu alihamishiwa kwenye mifuko ya taka za zahanati, bila glavu.

Shangazi alimwona kwa mbali alipokwenda kushusha, ameshika bomba la sindano kwa vidole viwili kama anayeshika nge kwa mkia. Nyapara akasogea hadi dirishani mwa lori, anatabasamu.

"Shangazi, ukiwa na neno niambie mimi. Simu za nini? Kwani sisi si ndugu?"

"Ndugu yangu yule pale. Wewe ndiye uliyemfungia."

"Nani kamfungia? Yuko huru. Kitambulisho tu ndicho kinachopumzika."

Akacheka peke yake. Shangazi akapandisha kioo. Utingo wake, mtu mzima mwenye wajukuu, alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa, maana matusi ya Shangazi alikwisha kuyazoea, lakini ukimya wake hakuwahi kuuona.

Sasa, kampuni ile ilikuwa na kanuni nyingi, na nyingi zilikuwa za kubandikwa ukutani. Moja tu ilifuatwa kama ibada: dereva akitilia shaka breki zake, gari libaki pale pale lilipo, na mtu asilisogeze mpaka fundi wa kampuni afike, alikague, aridhike. Kanuni hiyo ilizaliwa siku lori moja lilipoporomoka mteremkoni na kubomoa ukuta wa mtu mzito. Tangu hapo hakuna bosi aliyethubutu kuichezea.

Siku chache baadaye geti la yadi lilifunguliwa asubuhi kama kawaida, malori yakiwa kwenye foleni. Lori la Shangazi likaingia nusu. Kichwa ndani, mkia nje. Hapo akazima injini, akavuta breki ya mkono, akashuka na funguo zake.

"Breki," alisema.

Hakusema uongo. Breki za lori lile zilikuwa zikilia tangu mwaka juzi. Ila hakuwahi kupata pa kuzitilia shaka pazuri kama pale.

Nyapara alikuja mbio. Akaamuru, akabembeleza, mwisho akampigia meneja wa kampuni. Meneja, ambaye wachambuaji hakuwa na habari nao lakini ule ukuta aliukumbuka hata usingizini, akajibu kwamba gari lisiguswe. Huko nyuma honi zikalia, kisha madereva wakashuka kuja kujionea. Kati ya ubavu wa lori na nguzo ya geti palikuwa na nafasi ya mtu kupita. Wachambuaji waliiona kwanza. Nyapara aliiona mwisho.

Mdogo mtu akavua aproni, akaenda dirisha la ofisi, akaomba kitambulisho chake kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi kwa jirani. Nyapara akamwambia arudi kazini, wataongea jioni.

"Ongea naye sasa hivi," Shangazi alisema. "Si yuko huru? Hawa wote walikuwepo siku ya fulana. Waambie kwamba haruhusiwi kwenda kumwona mama yake. Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie."

Dereva mmoja alimshauri nyapara aeleze polepole, maana wengine wao ni wazito wa kuelewa. Mwingine akauliza kama leseni zao nazo zitapumzishwa.

Macho ya wachambuaji nyapara alikwisha kuyazoea. Ya madereva yalimshinda. Akafungua droo.

Mdogo mtu alipita ubavuni mwa lori bila kugeuka nyuma. Wengine kadhaa wakadai vya kwao, wakamfuata. Waliobaki walikuwa wengi zaidi: walilitazama geti, wakafikiria watalala wapi usiku huo, wakarudi kwenye mafungu yao ya chupa. Hilo Shangazi hajalisamehe hadi leo. Akimkumbuka nyapara, humtukana. Ila akifika kwa wale waliorudi hutema mate tu na kubadilisha mazungumzo.

Fundi alifika mchana. Akaingia uvunguni, akatoka, akamtazama Shangazi kwa muda, akatangaza kwamba pedi zimekwisha kweli. Meneja akampongeza mbele ya wenzake kwa kuzingatia usalama. Mama yao aliishi miezi kadhaa zaidi, akiita lile jina, na mwenye jina akiitika.

Taarifa ya kampuni ya mwaka ule ilieleza kwamba hakuna tukio hata moja la kazi ya kulazimishwa lililoripotiwa kwa wakandarasi wake wote. Ilitaja hitilafu moja ya breki.