Mbegu ya Kisarawe Haichomwi

"Angalia kichwa," anasema Mwanajuma Mwishehe, akiinama kuingia kwenye banda lake la udongo, Pangani, Kibaha. Ndani kuna giza na unyevunyevu. Mifuko ya uyoga imejaa kwenye kichanja, mingine myeupe, mingine imeshikwa na ukungu wa kijani.

Ukungu huo ukishaingia bandani, mkulima wa uyoga ahesabu maumivu. Mwezi uliopita ulimlia nusu ya mifuko, na kosa lilikuwa lake: kwa kukosa nafasi, alibananisha mizima na migonjwa pamoja.

Castory, mwenyekiti wa kikundi chao cha wakulima wa uyoga, akaja na kibiriti. Kikundini, banda likiugua huchomwa mifuko yote.

"Nikasimama mlangoni. Nikamwambia, kaka Castory, migonjwa beba, na kuni nakupa. Lakini mbegu ya mama yangu huichomi, labda uanze na mimi!"

Mbegu hiyo aliitoa kwao Kisarawe, kwenye uyoga wa porini ambao marehemu mama yake alikuwa akiupika kwa nazi. Hana nyingine. Na siku ile aliona ajabu: ukungu ulifika kwenye mifuko hiyo ukagota, ukaacha mstari mweupe katikati.

Akamwita Recho, mtafiti aliyewahi kuwapa mafunzo. Recho akaotesha kipande maabara, peke yake. Hakikutoa chochote cha kuzuia ukungu. Castory alicheka, na Mwanajuma anakiri kwamba kicheko kile kilimuuma. Recho akarudia, safari hii akakiotesha jirani na ukungu, na ukungu ukakwama.

"Uyoga huu una jeni za kutengeneza kemikali inayozuia ukungu," anaeleza Recho. "Ukikaa peke yake, jeni hizo zinalala. Ukichokozwa zinaamka. Bado si dawa, tunaendelea kuchunguza."

Mwanajuma anacheka mpaka anajishika mbavu. "Kumbe nao Mzaramo kama mimi! Mwache na amani yake. Mchokoze, utamjua."

Sasa Castory naye anaomba mbegu. Atapewa, anasema Mwanajuma, ila asubiri kwanza. Anataka kujenga banda la pili, mifuko ya Kisarawe ikae kwa nafasi, kisha aigawe kwa wenzake wa Mkuza na Maili Moja.

Kuna jambo moja tu halijaisha. Maabara imeupa uyoga wake namba, na Recho anahitaji kipande kingine.

"Namba wapewe wafungwa," anasema Mwanajuma, akifunga mlango. "Huu una kwao. Waandike Kisarawe, ndipo nikate."