Alialikwa kusema, akapewa sinia ya chai

Leo nimenyamaza mahali ambapo sikupaswa kunyamaza.

Tulikuwa mtaa wa Himbi, kwenye mkutano wa utafiti juu ya ubaguzi na umaskini. Mimi ndiye niliyezunguka Goma kuuliza watu maswali ya utafiti huo.

Mama Furaha, anayeuza samaki soko la Kituku, alialikwa kusema mbele ya wote. Alivaa kitenge kipya. Mimi ndiye niliyemleta, na njiani aliyarudia maneno yake mara tatu.

Tuliingia tumechelewa kidogo. Nyuma yetu kulikuwa na wazungu wawili, nao wamechelewa. Wao walionyeshwa viti.

Mama alipewa sinia.

"Mama, pitisha chai, watu wanangojea," dada wa mapokezi alimwambia, kwa upole kabisa.

Nilifungua mdomo. Kisha nikakumbuka kwamba kontra yangu ya kazi inaisha mwezi huu, na wanaoamua kuirefusha walikuwa wamekaa pale mbele. Nikaufunga.

Mama Furaha akapitisha chai meza zote. Hata kwangu alifika, na mimi (naona haya kuandika hili) nikapokea kikombe.

Saa yake ya kusema ilipofika, mwenye kuongoza mkutano alisema muda umetubana, akamruka.

Tulipotoka nilimwomba msamaha. Nikamuuliza kwa nini hakukataa.

"Niliona umefungua mudomo, kisha ukaufunga, mutoto yangu," akasema. "Nikaona nikikatala, watakufukuza ku kazi."

Ninyi mungemwambia nini?