Mjomba Seitshiro na Mbwa Aliyekula Sumu

Mjomba Seitshiro hajawahi kuchelewa kikao chochote hapa Kanye, kwa sababu kikao hakianzi bila yeye. Harusi, matanga, ng'ombe kuvamia shamba la mtu: yupo, na kiti chake cha kukunja, na koti zito hata jua likichoma. Nampenda, ni kaka wa mama yangu. Lakini akifungua mdomo, sahau kazi zako za siku hiyo.

Mwaka jana Phala, mbwa aliyeachwa na marehemu baba yetu, alikula sumu ya panya ghalani. Dada yangu Gorata alimbeba mbiombio hadi kwa daktari wa mifugo, nami nyuma yake. Baba alipofariki, mbwa huyo ndiye aliyemtoa Gorata kitandani. Kasheshe ni kwamba mali ya marehemu, mbwa akiwemo, ilikuwa haijagawanywa, na kwetu haiguswi mpaka mjomba aseme. Daktari Kagelelo, ambaye naye ni mpwa wake, akampigia simu. Akaja, na kiti.

"Mjomba, nataka kumchoma sindano ya kumtapisha," Kagelelo alisema. "Sumu ikishashuka matumboni, kutapisha hakutasaidia kitu."

"Mwanangu, hata hatujasalimiana. Mmeamkaje?"

"Tumeamka, Rra," Kagelelo alijibu, kama tunavyomwita mzee kwa heshima.

"Na mvua huko kwenu?"

"Mjomba, mbwa anakufa," Gorata alisema.

"Ndiyo maana tunaongea kwa utaratibu. Kwani chumvi haitoshi? Sisi mbwa tulikuwa tunawanywesha maji ya chumvi."

"Hiyo chumvi yenyewe itamuua, Rra."

"Haya. Na paka, hutapishwa kwa sindano hiyo hiyo?"

"Paka ana dawa yake. Lakini hapa hatuna paka, Mjomba."

"Naulizia siku tutakayokuwa naye."

Akasimama, akakohoa, akaanza na babu aliyefuga mbwa wa kwanza wa ukoo. Nilitamani kumziba mdomo kwa kofia yake. Gorata alimtazama Kagelelo kwa macho ya kuomba. Kagelelo akainama nyuma ya lile koti, akamdunga Phala.

Mjomba hakufika hata kwa mtoto wa huyo babu. Phala alitapika yote, sumu na uji wa asubuhi, juu ya viatu vya Mjomba. Gorata akaketi sakafuni akamkumbatia mbwa, akilia na kucheka.

Tangu hapo, katika kila kikao Mjomba husimulia jinsi mbwa wa marehemu alivyotapika sumu kwa kumsikiliza yeye tu. Wageni hucheka. Sisi tuliozizoea hotuba zake hatuna shaka hata kidogo.