Kikombe Kimoja cha Kusukutulia

Wiki iliyopita nilikuwa Molo, nikingoja lori la viazi linirudishe Nakuru. Mafua yameingia kila nyumba siku hizi, kwa hiyo wachambuaji wa viazi walipangwa foleni mlangoni mwa ghala, wasukutue dawa kabla ya kuanza kazi. Dawa ilikuwa ya zambarau, ndoo nzima. Kikombe cha bati kilikuwa kimoja. Mtu alisukutua, akatema kwenye nyasi, akampa kikombe anayekohoa nyuma yake.

Mama mmoja alifika kwenye ndoo akaweka mikono nyuma.

"Sukutua, mama. Unachelewesha watu," karani wa ghala akasema.

"Dawa sikatai, karani. Nakataa hii kikombe."

"Hii dawa inaua mafua yote."

"Basi anza wewe. Na hii hii."

Karani akatazama ukingo wa kikombe, akasema yeye ameshasukutua ofisini, kwa glasi yake.

"Hata mimi niko na yangu nyumbani. Nitaleta kesho. Leo nakaa."

Akaketi juu ya gunia. Waliokuwa nyuma yake wakaketi pia, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Kama dawa ile inaua mafua, hilo nawaachia madaktari. Lakini anayewapa watu wote kikombe kimoja, huku chake amekifungia ofisini, anajua vizuri sana mafua yanapita wapi.

Lori letu liliondoka bila kiazi hata kimoja. Sikulalamika.